Taabu ya Herufi katika Bagamoyo ya Zamani

Wako wanaosema ya kwamba mtoto anayekwama katika herufi zake za kwanza ni mvivu au mzito wa akili, na kauli hiyo naiona kuwa ni dhuluma, kwa kuwa khabari za Bagamoyo zaonyesha dhahiri kwamba taabu ya mwanafunzi wa mwanzo aghalabu imo katika kile anachosomeshwa.

Katika vyuo vya mji ule mtoto alikabidhiwa kwa mwalimu, akawekewa mbele yake ubao ulioandikwa kwa wino na kalamu ya utete, akaanza kuimba alifu, be, te pamoja na wenziwe. Kisha akatiwa katika irabu, herufi moja ikitamkwa kwa fataha, kwa kasira na kwa dhumma, hata ulimi ukazoea kuunga sauti ambazo jicho lilikuwa bado kuzitambua. Na maneno aliyoyafikia mwisho wa jitihada hiyo yalikuwa ya Kiarabu, hata akaweza kuitamka aya nzima pasipo kosa wala asikutane na neno moja la nyumbani kwao la kumthibitishia kwamba amesoma sawasawa.

Alipoigeukia lugha ya mamaye, njia haikuwa nyepesi. Hati ya Kiarabu ina irabu tatu na Kiswahili kina tano. O na u zikaandikwa kwa dhumma ileile, g ikaazimiwa ghaini, na m inayotangulia b mara nyingi haikuandikwa kabisa. Mwenye kupokea barua ya kuagiza vitu sokoni aliona be yenye dhumma, kisha ghaini na fataha yake, ikampasa aamue mwenyewe kama ameagizwa boga au mboga. Mzee aliamua upesi, kwani alilijua shauri lenyewe kabla ya kulisoma. Mwanafunzi hakuwa na akiba hiyo.

Mapadri wa Roho Mtakatifu, waliovuka kutoka Unguja mwaka 1868, walikuja na herufi za Kilatini, zenye irabu zote tano. Walakini wengi katika watoto waliowalea walikuwa wamekombolewa utumwani, wametoka bara katika makabila mbalimbali, na Kiswahili chenyewe kilikuwa kwao lugha ya ugenini.

Zama za Wadachi maliwali na maakida waliendelea kuandikiana kwa hati ya Kiarabu, lakini herufi za Kilatini zikazidi nguvu; *Desturi za Wasuaheli*, kitabu cha Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekwenda kusomesha Berlin, kilipigwa chapa kwa herufi hizo mwaka 1903. Hapo ndipo mtu aliyehitimu Msahafu, mwandishi wa barua na hati za deni za jirani zake, alipotakiwa kuugeuza mwendo wa jicho lake, atoke kushoto kwenda kulia, aanze tena na vijana wa skuli kwa a, e, i, o, u; na asiyeweza, ingawa vitabu vilijaa nyumbani kwake, mbele ya meza ya serikali akawa sawa na asiyejua kusoma.