Sayyid Khalid katika Mji Alioutupa Baba Yake

Sayyid Majid bin Said alianza kuijenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima. Alipofariki mwaka 1870, nduguye Sayyid Barghash alirithi enzi, lakini mji ule hakuushughulikia.

Tarehe 25 Agosti 1896 Sayyid Khalid, mwana wa Barghash, alikalia kiti cha Unguja bila ridhaa ya Waingereza. Tarehe 27 manowari zao zililipiga kasri kwa muda usiotimia saa moja. Watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Khalid alikimbilia ubalozi wa Kijerumani. Tarehe 2 Oktoba, maji yalipojaa, mashua ya Wajerumani ilimchukua hapo hapo, akapelekwa Dar es Salaam. Mji uliotupwa na baba ukamsitiri mwana kwa takriban miaka ishirini.

Vita Vikuu vya Kwanza vilimtoa humo. Waingereza walimkamata, wakamhamishia Shelisheli na St Helena. Alifariki Mombasa mwaka 1927. Vita hivyo hivyo ndivyo vilivyoleta jina la Kariakoo, kutokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Maelfu yao walikufa, na wengi hawakuandikwa majina. Khalid, aliyetawala siku mbili tu, vitabu vinamtaja; wapagazi wanatajwa kila siku na waendao sokoni, bila kujua.