Alama za GMAT: Kipimo cha Mtahiniwa Kilichogeuzwa Sifa ya Chuo

Mwezi Machi 2022, mahakama ya shirikisho mjini Philadelphia ilimhukumu Moshe Porat, aliyekuwa mkuu wa Shule ya Biashara ya Fox katika Chuo Kikuu cha Temple, kifungo cha miezi 14 jela na faini ya dola 250,000. Alipatikana na hatia ya udanganyifu uliohusu takwimu zilizopelekwa kwa U.S. News & World Report, chombo kinachopanga vyuo vya Marekani kwa ubora. Miongoni mwa takwimu hizo ilikuwemo hii: kwamba wanafunzi wote wapya wa shahada ya uzamili ya biashara (MBA) ya mtandaoni walikuwa wamewasilisha alama za GMAT, mtihani wa kuomba kujiunga na shule za biashara, ilhali waliowasilisha walikuwa takribani mmoja kati ya watano. Kanuni za orodha ile zilipunguza thamani ya wastani wa alama pale ambapo wanafunzi wengi hawakuufanya mtihani, hivyo uongo huo ulikuwa na faida kubwa. Programu hiyo ilishika nafasi ya kwanza nchini kwa miaka minne mfululizo, 2015 hadi 2018.

Kesi hii kwa kawaida husimuliwa kama habari ya mtu mmoja na tamaa yake. Mimi naona inatufundisha jambo kuhusu mtihani wenyewe. Hakuna mtahiniwa aliyeiba jibu wala kughushi cheti. Uongo ulianzia pale alama za mtu mmoja mmoja zilipokusanywa, zikafanywa wastani, na wastani ukawa sifa ya kuuzia chuo. Hoja yangu ni kwamba vyuo vinavyotaka kuufuta mtihani huu vinakosea mshtakiwa: kipimo kina kazi yake halali, na kinachostahili kuondolewa ni matumizi yake katika mashindano ya vyuo.

Mtihani ulizaliwa na haja ya kawaida kabisa. Mwaka 1953 shule kadhaa za biashara za Marekani ziliungana na shirika la mitihani la Educational Testing Service kutafuta namna ya kuwalinganisha waombaji waliotoka vyuo tofauti, na mwaka uliofuata mtihani wa kwanza ukafanyika. Jina la GMAT lilikuja mwaka 1976. Swali lililoulizwa lilikuwa dogo na la kiasi: je, mwombaji huyu ataweza kuyamudu masomo ya mwaka wa kwanza?

Kwa swali hilo, jibu la utafiti si baya. Uchambuzi wa watafiti Nathan Kuncel, Marcus Credé na Lisa Thomas, uliochapishwa mwaka 2007, ulijumlisha matokeo ya tafiti nyingi na kuonyesha kwamba alama za GMAT hutabiri ufaulu wa uzamili vizuri kuliko ufaulu wa shahada ya kwanza unavyoutabiri, na kwamba vyote viwili pamoja hutabiri vizuri zaidi. Wapinzani hudai kwamba ndani ya darasa uhusiano wa alama na ufaulu ni hafifu. Ni kweli, lakini darasa hilo limekwisha kuchujwa. Ukiwapokea wenye alama za juu tu, tofauti zao zinabaki ndogo mno kueleza chochote, na udhaifu unaouona umetokana na mchujo wako mwenyewe.

Hata hivyo, utabiri huo una mipaka miwili ambayo vyuo huipuuza kila msimu wa udahili. Kwanza, kufaulu mwaka wa kwanza si kuongoza watu. Mtihani haudai kupima busara, uaminifu wala uwezo wa kusikiliza. Pili, kila kipimo kina kosa lake. Katika mfumo wa zamani wa alama 200 hadi 800, kosa la kawaida la upimaji lilikuwa takribani pointi 30. Maana yake ni kwamba aliyepata 710 na aliyepata 730 hawawezi kutofautishwa kwa uhakika wowote. Wangerudia mtihani, huenda wakabadilishana nafasi. Lakini kwa chuo kinachopigania wastani wa darasa, pointi hizo 20 ni mali. Hapo kamati huacha kuuliza nani atasoma vizuri, ikauliza nani atapandisha wastani. Mwanasaikolojia Donald Campbell alionya katika miaka ya 1970 kwamba kadiri kipimo kinavyotumika zaidi kufanya maamuzi, ndivyo kinavyozidi kupotoshwa na kuharibu kile kilichokusudiwa kupimwa. Kwa miaka mingi wastani wa alama za mtihani ulibeba zaidi ya asilimia 16 ya daraja la MBA ya kutwa katika orodha ya U.S. News. Upotoshaji ulikuwa na soko.

Baada ya janga la UVIKO-19 kuzuka mwaka 2020, shule kadhaa zilianza kutoa msamaha wa mtihani, na wengi walishangilia wakisema mlango umefunguliwa. Ni kweli kwamba mtihani unamgharimu mnyonge. Ada inakaribia dola 300, maandalizi ya kulipia yana bei yake, na sehemu ya lugha ni ya Kiingereza tu. Lakini tuulize kinachobaki alama zikiondoka. Inabaki insha, ambayo mwenye fedha hunolewa na mshauri wa kulipwa. Zinabaki barua za mapendekezo, ambazo uzito wake hutegemea nani anamfahamu nani. Linabaki jina la chuo cha shahada ya kwanza na jina la mwajiri. Kila kimoja kati ya hivi kinamnufaisha aliyekwisha kuwa karibu na mlango.

Mfikirie mhasibu wa Dodoma au mhandisi wa Kisangani anayeomba nafasi Chicago. Mjumbe wa kamati hajui wastani wa ufaulu (GPA) wa 3.8 wa chuo chake una ugumu gani, wala hajawahi kulisikia shirika alilofanyia kazi. Alama ya mtihani ndiyo karatasi pekee katika jalada lake inayosomeka sawasawa na ya mwombaji wa Boston. Ukimwondolea hiyo kwa jina la huruma, umemwacha ategemee bahati ya kufahamika.

Kwa hiyo mageuzi yafanyike kwenye matumizi. Kamati iweke kiwango cha chini kinachothibitisha kwamba mwombaji atamudu masomo, na akishakivuka, pointi za ziada zisihesabiwe tena. Uamuzi utokane na kazi aliyoifanya na sababu za kutaka kusoma. Ada zipunguzwe kwa watahiniwa wa nchi zenye kipato cha chini, kwa sababu ni wao ambao mtihani unawasaidia zaidi. Vyuo viache kutangaza wastani wa alama za darasa, na wapangaji wa orodha waufute katika kanuni zao.