Gari kuukuu la fowili hufufuliwa kwa mpangilio, si kwa pupa

BURNT FOREST ni mji mdogo wa wakulima ulio kando ya barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret, katika Kaunti ya Uasin Gishu. Uko kwenye nyanda za juu zinazozidi mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na msafiri anayetoka Nakuru huufikia baada ya kuvuka miinuko ya Timboroa, iliyo juu zaidi. Mnamo 1908 Makaburu kutoka Afrika Kusini walipita nyanda hizi wakiwa na magari ya kukokotwa na maksai, wakielekea Uasin Gishu. Reli ilifika Eldoret mnamo 1924. Hata hivyo, anayeiacha lami leo na kushika njia za mashambani wakati wa mvua bado hukutana na tope lilelile, akiwa amebeba maziwa, viazi au mgonjwa anayepelekwa Eldoret.

Hii ndiyo sababu gari la fowili, yaani lile ambalo injini yake huweza kuzungusha magurudumu yote manne, huthaminiwa sana huku. Jipya hugharimu mamilioni ya pesa. Wengi hununua kuukuu lililotelekezwa nyuma ya nyumba au lililopigwa mnada, wakinuia kulifufua kidogo kidogo.

Magari haya huwa yamekaa nchini kwa muda mrefu. Kanuni ya KS 1515 ya mwaka 2000, inayosimamiwa na Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS, hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika ambalo limepitisha miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hivyo, lile lenye umri wa miaka 25 linalouzwa kijijini limekwishapitia barabara za Kenya, wamiliki kadhaa na mafundi wengi. Mengine hutoka katika idara za umma, ambazo sheria ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma ya mwaka 2015 inaziruhusu kuuza kwa mnada vitu visivyohitajika tena.

Kosa linalorudiwa na wanunuzi wengi ni kuanzia kwenye kinachoonekana. Gari hupakwa rangi, huvalishwa rimu za kung'aa na kuwekewa viti vipya, ilhali breki zake ni zilezile za zamani. Mwenyewe hugundua hayo akiteremka mlima, gari likiwa na gunia kumi za viazi nyuma na lori mbele yake.

Ukaguzi kabla ya kununua

Ukaguzi huanza na karatasi. Nambari ya chasisi na ya injini, jinsi zilivyogongwa kwenye chuma, sharti zilingane na zilizo katika hati ya umiliki, ambayo wengi huiita logibuku. Rekodi za magari hutunzwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, iliyobuniwa kwa sheria ya mwaka 2012. Ikiwa nambari zimekwaruzwa au hazilingani, hakuna bei nafuu inayoweza kulifidia kosa hilo.

Mita ya kilomita haifai kutegemewa peke yake. Magari mengi ya zamani yana mita ya tarakimu tano ambayo, baada ya 99,999, huanza upya. Isitoshe, walaghai huirudisha nyuma. Mpira wa kanyagio uliolika, kiti cha dereva kilichobonyea na usukani uliochakaa husema ukweli zaidi.

Baridi ya asubuhi ya Burnt Forest ni msaada kwa mnunuzi. Injini ya dizeli inapaswa kuwashwa mbele yake ikiwa ingali baridi kabisa. Wakati huo ndipo udhaifu wa betri, stata na hita plagi, vile vijiti vya umeme vinavyopasha joto mahali dizeli inapoungulia, hujitokeza. Muuzaji aliyelipasha gari moto kabla ya mgeni kufika huenda ana jambo analoficha.

Moshi nao huzungumza. Wa samawati huashiria kwamba oili inaungua ndani ya silinda. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto huashiria maji yanayoingia kwenye silinda au dizeli isiyoungua vizuri. Mweusi huashiria dizeli nyingi kuliko hewa. Kwa kuwa hewa ya nyanda za juu ni haba, moshi mweusi kiasi wakati wa kupanda mlima si ajabu. Moshi mzito gari likiwa limesimama ni onyo.

Hatimaye, fundi alale chini ya gari na kugonga chasisi kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu hutoa sauti bubu, na mara nyingine nyundo hupenya.

Kumwaga mafuta yote

Gari likishanunuliwa, kazi ya kwanza ni kumwaga kila kiowevu na kuweka kipya: oili ya injini, ya gia boksi, ya boksi ya fowili na ya difu zote mbili, mafuta ya breki na ya usukani, pamoja na maji ya rejeta. Filta hubadilishwa pia. Gharama ya kazi hii si kubwa ikilinganishwa na faida zake, kwa maana tangu siku hiyo mmiliki anajua hesabu ya kilomita inaanzia wapi.

Kilichomwagwa kisitupwe kabla ya kuchunguzwa. Oili ya difu iliyo nyeupe kama maziwa imeingiwa na maji, pengine gari lilipovuka mto. Unga laini wa chuma ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande vinavyoshikika kwa vidole ni meno ya gia yaliyovunjika. Oili kuukuu ikusanywe kwenye mtungi, kwani ikimwagwa mtaroni huishia katika visima na mito ya majirani.

Breki, usukani na magurudumu

Hatua ya pili ni kuhakikisha gari linasimama na kufuata usukani. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, na ndiyo maana hupendekezwa yabadilishwe takriban kila miaka miwili. Kwenye mteremko mrefu breki hupata moto mkali. Unyevu ulio ndani ya mafuta huchemka na kuwa mvuke, na kanyagio huzama bila gari kusimama. Mipira ya breki iliyopasuka, silinda zinazovuja na pedi zilizokwisha zibadilishwe pamoja, si kimoja leo na kingine mwakani. Hata breki zikiwa mpya, dereva ateremke kwa gia ya chini ili injini isaidie kulizuia gari.

Magari kama Toyota Land Cruiser za zamani zenye ekseli nzima mbele yana udhaifu unaojulikana na mafundi. Sili za ndani zikichakaa, oili ya difu huvuja hadi kwenye mafundo ya magurudumu ya mbele, ikachanganyika na grisi na kuiyeyusha. Beringi hulika, na usukani huanza kutetemeka. Kuyafungua mafundo hayo, kuyasafisha, kubadilisha sili na kuyajaza grisi mpya ni kazi chafu, lakini huokoa mengi.

Tairi nazo zina tarehe. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne, mbili za juma na mbili za mwaka. Kwa mfano, 2319 humaanisha juma la 23 la mwaka 2019. Tairi ya gari lililosimama miaka mingi huweza kuwa na meno marefu na bado mpira wake umekauka na kupasuka.

Kupoza injini

Injini nyingi za dizeli huharibika kwa sababu ya joto. Katika mwinuko wa mita 2,400, maji ya kawaida huchemka yakifika takriban nyuzi 92 za Selsiasi badala ya 100. Kinachoyazuia yasichemke mapema ni shinikizo linalowekwa na kifuniko cha rejeta, pamoja na dawa maalumu inayochanganywa na maji hayo. Kifuniko kilicholegea, chenye bei ndogo mno, kinaweza kuangamiza silinda hedi.

Baadhi ya mafundi wa jua kali huwa na mazoea ya kuitoa themostati kabisa gari linapochemka. Huko ni kuficha ugonjwa. Katika baridi ya nyanda za juu, injini isiyo na themostati hukawia kupata joto lake la kazi, hunywa dizeli zaidi na huchakaa upesi. Kilicho bora ni kusafisha au kubadilisha rejeta iliyoziba, kukagua pampu ya maji na feni, kubadilisha mipira iliyolegea na kurejesha themostati mpya.

Mkanda, dizeli na umeme

Baadhi ya injini huendesha vali zake kwa mkanda wa taiming. Mfano ni injini ya 1HZ ya Land Cruiser, yenye silinda sita na ujazo wa lita 4.2, iliyoanza kutumiwa mnamo 1990. Mkanda wake kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika safarini, pistoni hugonga vali na injini huharibika papo hapo. Kwa kuwa mnunuzi hawezi kujua ulibadilishwa lini, ni salama kuuchukulia kuwa umekwisha.

Pampu ya dizeli na nozeli ni ghali, tena pampu nyingi hulainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta taa yakichanganywa humo, chuma husagana na chuma. Mnamo 2018 serikali ilianzisha ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kukomesha uchanganyaji huo. Mmiliki ajaze tangi katika kituo anachokiamini, na maji yanayojikusanya kwenye filta yamwagwe mara kwa mara.

Umeme huachwa nyuma na wengi, ilhali ndio unaoanzisha moto. Waya za redio, taa za ziada na vingora zilizoungwa na wamiliki wa awali bila fyuzi zitolewe zote, kisha zinazohitajika zirudishwe upya kwa utaratibu.

Kutu na rangi

Matope yaliyoganda ndani ya chasisi hushika unyevu mwaka mzima. Yaoshwe, na matundu ya kutolea maji yazibuliwe. Kutu ikwanguliwe hadi chuma kionekane, sehemu zilizooza zikatwe na kuchomelewa bati jipya, halafu ipakwe rangi ya kuzuia kutu. Kabla ya kuchomelea, waya za betri zifunguliwe na tangi la mafuta liondolewe. Rangi ya nje hufuata mwisho wa yote.

Vipuri na sheria

Maduka ya Eldoret huwa na vipuri vingi vya magari yaliyoenea. Visivyopatikana huko hutafutwa Nairobi katika barabara ya Kirinyaga, ambayo wenyeji bado huiita Grogan. Gia boksi, difu, milango na taa zilizotumika zaweza kununuliwa baada ya kukaguliwa. Pedi za breki, mipira ya breki, sili na mikanda zinunuliwe mpya, na katika duka linalotoa risiti. Bidhaa ghushi ni nyingi, na sheria ya kupambana nazo ya mwaka 2008 haimsaidii sana mnunuzi asiye na ushahidi wa mahali aliponunua.

Mmiliki anayebadilisha injini au rangi ya gari anapaswa kuijulisha NTSA ili rekodi zirekebishwe. Asipofanya hivyo, huenda akatatizika polisi wakilikagua gari, akiomba fidia ya bima au akitaka kuliuza.

Bajeti ya mkulima

Ufufuaji wa kidogo kidogo hupatana na mapato ya Burnt Forest. Malipo ya maziwa huja kila mwezi, na hutosha kununua oili, filta, mipira na sili. Mahindi huvunwa mara moja kwa mwaka, na pesa zake ndizo zinazoweza kugharamia tairi, pampu ya dizeli au ukarabati wa injini. Anayeyapanga matengenezo kwa kalenda hii halazimiki kuuza ng'ombe anayekamuliwa ili kulinunulia gari kipuri.

Hata hivyo, kuna gari lisilofaa kufufuliwa. Chasisi iliyooza katika sehemu nyingi, bloku ya injini iliyopasuka, vipuri visivyopatikana tena na karatasi zenye utata ni sababu za kutosha za kutolinunua, au kuliuza vipande vipande kabla halijameza mavuno ya miaka mitatu. Ni vyema mmiliki akadirie mapema kiwango cha juu cha fedha atakazotumia, kisha akiheshimu.

Kifaa cha bei ndogo kuliko vyote katika kazi hii ni daftari. Kila kilichobadilishwa kiandikwe pamoja na tarehe, kilomita, bei na duka kilikotoka. Fundi mpya atajua pa kuanzia, mwenye gari atajua ni lini zamu ya mkanda au mafuta ya breki itafika tena, na siku ya kuliuza mnunuzi hatalazimika kubahatisha kama alivyobahatisha aliyemtangulia.