Ile "S" Inayochoma Masikio: Historia Fupi ya Kapsuli ya Maiki

Umewahi kurekodi sauti yako kwa maiki ya kondensa ya bei nafuu, halafu ukaisikiliza ukakuta kila penye "s" pana mluzi? Umesema "sisi sote tumesimama", kilichotoka ni kama tairi la baiskeli linalovuja upepo. Kama imekukuta, makala hii ni yako.

Rafiki yangu mmoja anaimba kwaya. Mwaka juzi alikwenda kurekodi kwenye studio moja ya mtaani. Prodyuza akasikiliza mara mbili, akamwambia sauti yake ina makali mno, akafanye mazoezi kwanza. Dada wa watu alirudi amenyong'onyea, na kwa miezi kadhaa hakutaka hata kuisogelea maiki. Sasa mimi nimeimba naye kwaya hiyo hiyo miaka minne, amesimama hatua moja kutoka kwangu, na hayo makali sijawahi kuyasikia. Yalitoka wapi?

Jibu nililolipata ni kwamba sehemu kubwa ya makali yale ilikuwa mle ndani ya maiki. Na yana historia, inayopita New York, Berlin na Vienna kabla ya kufika mtaani kwetu. Twende taratibu.

Ngoma ndogo yenye umeme

Ukichungulia ndani ya wavu wa maiki kubwa ya kondensa utaona kitu cha duara, mara nyingi cha rangi ya dhahabu, chenye ukubwa wa sarafu kubwa. Hiyo ndiyo kapsuli. Kama unaijua ngoma, nusu ya kazi umeshaimaliza. Mbele kuna kiwambo, kama ngozi iliyowambwa, ila hiki ni cha plastiki yenye unene wa mikromita chache tu (unywele wako una kama 70), kimepakwa dhahabu nyembamba mno. Nyuma yake, kwa umbali wa sehemu chache za mia za milimita, kuna sahani ya metali.

Kiwambo na sahani kwa pamoja ni kapasita, ile ile uliyosoma sekondari. Sauti inapokigonga kiwambo, umbali kati yake na sahani unabadilika, uwezo wa kapasita unabadilika nao, na mabadiliko hayo ndiyo yanayokuwa mawimbi ya umeme. Ndiyo hivyo tu.

Lakini kama ilivyo kwa ngoma, mambo madogo hubadilisha mlio: kiwambo kimekazwa kiasi gani, ni cha kitu gani, kina upana gani, hewa iliyo nyuma yake inapitia wapi. Mtengenezaji akigusa kimoja kati ya hivyo, sauti yako inatoka nyingine.

Ilianza kama kipimo

Maiki ya kondensa ilibuniwa mwaka 1916 na E. C. Wente, mwanafizikia wa kampuni ya Western Electric huko New York. Simu za wakati huo zilitumia maiki za punje za kaboni, zenye kukwaruza na zisizo na usawa. Wente alitaka chombo cha kupimia nguvu ya sauti, ambacho kisingependelea sauti za chini wala za juu. Akachukua bati jembamba la chuma, akalikaza kwa nguvu mbele ya sahani. Aliandika kuhusu kazi hiyo mwaka 1917.

Zingatia hapo: lengo lilikuwa chombo kisicho na ladha yoyote. Ladha ilijiingiza yenyewe. Maiki za Western Electric zilizotokana na kazi hiyo zilikuwa na kishimo kifupi mbele ya kiwambo, na hewa ya kishimo hicho ilivuma yenyewe, kama unavyopuliza mdomo wa chupa. Ikakuza masafa ya kama hezi 3,000, na hapo ndipo sikio la binadamu lilipo jepesi zaidi. Kipimo kikaanza kuwa na maoni.

Mwaka 1925 makampuni makubwa ya santuri ya Marekani na Uingereza yalianza kurekodi kwa umeme, yakaachana na lile pembe ambalo mwimbaji alilazimika kulipigia kelele. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi kwa HMV mwaka 1928, zama hizo mpya zilikuwa na miaka mitatu tu.

Berlin: matundu yanayochagua upande

Mwaka huo huo wa 1928, Georg Neumann alifungua kampuni yake Berlin na kuanza kuuza CMV 3, maiki ndefu iliyopewa jina la utani la "chupa". Katika matoleo yake ya baadaye kichwa kilichomolewa na kuwekwa kingine, kwa hiyo mtu aliweza kubadili kapsuli bila kubadili maiki.

Kapsuli iliyobadilisha mambo ilitokana na utafiti wa wahandisi wawili wa redio ya taifa ya Ujerumani, Hans Joachim von Braunmühl na Walter Weber, uliotoka mwaka 1935. Redio hiyo wakati ule ilikuwa mikononi mwa Wanazi, na si vizuri tukaisimulia fizikia hii kana kwamba ilifanyika kwenye chumba kisicho na madirisha. Wazo lenyewe ni hili: weka viwambo viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, na katikati weka sahani iliyotobolewa. Baadhi ya matundu yanapenya, mengine yanaishia njiani. Hewa inayojipenyeza humo inacheleweshwa na kusuguliwa. Ukiyapanga vizuri, sauti inayotoka nyuma ya maiki inakifikia kiwambo cha mbele kwa njia mbili na kujifuta yenyewe. Maiki inasikia mbele, nyuma inaziba masikio. Ukichora uwezo wake wa kusikia pande zote, unapata umbo la moyo.

Ujanja huo una gharama yake. Kapsuli ya namna hii husikiliza tofauti kati ya mbele na nyuma yake, na ukiiweka mdomoni kabisa tofauti hiyo inakua sana kwenye sauti za chini. Ndiyo maana mtangazaji wa usiku akiikaribia maiki, sauti inakuwa nzito kama ya mzee wa baraza. Uzito ule si wote wa kifua chake.

Plastiki ya bomba, na waya wa katikati

Neumann alitumia wazo hilo kwenye kapsuli iliyoitwa M7. Kiwambo chake kilikuwa cha PVC. Ndiyo, plastiki ya ukoo ule ule wa mabomba ya maji. Mwaka 1943 kiwanda cha Berlin kilipigwa mabomu, na kazi ikahamishiwa mji mdogo wa Gefell. Baada ya vita Ujerumani ikagawanywa: Neumann akaanza upya Berlin Magharibi, na karakana ya Gefell ikabaki Mashariki. M7 ikawa na maisha mawili, huku na huku ya mpaka. Warithi wa karakana ya Gefell wanaendelea kuitengeneza kwa PVC hadi leo.

Upande wa Magharibi, M7 iliingia ndani ya U47, iliyotoka mwaka 1949. Frank Sinatra aliitumia sana alipokuwa Capitol, na Beatles waliimba mbele yake pale Abbey Road. Wengi huisifu kwa jinsi inavyoileta mbele sehemu ya kati ya sauti, pale maneno yanapokaa.

Tatizo ni kwamba PVC huzeeka. Inakauka, inabadilika, na maiki ya mwaka 1950 haitoi tena sauti iliyotoa ikiwa mpya. Kuelekea mwaka 1960 Neumann akahamia kwenye poliesta, na kapsuli mpya ikaitwa K47. Kwa hiyo mtu akikuambia "sauti ya U47", una haki ya kumuuliza: ipi, na ya lini?

Vienna walikuwa na njia yao. Mwaka 1953 kampuni ya AKG ilitoa maiki ya C12 yenye kapsuli ya CK12. Kwenye kapsuli za Neumann nilizozitaja, waya wa umeme umefungwa kwa skrubu katikati ya kiwambo, hivyo pale katikati pamebanwa. Kwenye CK12 umeme unachukuliwa ukingoni, na katikati kuko huru. Fikiria ngoma mbili, moja umeishika kwa kidole katikati, nyingine hujaigusa. Pamoja na tofauti nyingine za vyumba vya hewa vya ndani, CK12 ilipata sauti za juu laini na zenye pumzi. Na miaka ya 1970 AKG ilipobadilisha mwili wa kapsuli hiyo kutoka metali kwenda plastiki, jina likabaki CK12 lakini masikio ya mafundi yakajua kuna kilichoondoka.

Mwaka 1960: kapsuli inapata mwenzake

Sasa tunakaribia ile "s" yetu.

Kufikia wakati huo waimbaji walikuwa wameshazoea kuimba karibu kabisa na maiki. Neumann akatoa U67 mwaka 1960, yenye kapsuli mpya ya K67. Kapsuli hii inainua sauti za juu kwa kiasi kikubwa, karibu na hezi 10,000. Sehemu ya sababu ni ukubwa wake. Kapsuli za aina hii zina kipenyo cha kama milimita 34, na wimbi la hezi 10,000 hewani lina urefu wa milimita 34 vilevile. Wimbi dogo kiasi hicho likija moja kwa moja haliwezi kuizunguka kapsuli kirahisi. Linagonga, linarundikana mbele ya kiwambo, na shinikizo linapanda.

Je, walikosea? Hapana. Ndani ya U67 kuna saketi inayozishusha zile sauti za juu kwa makusudi, na pamoja nazo inapunguza mchemko wa valvu. Ni ujanja wa redio za FM: kule kituoni sauti za juu zinapandishwa, kwenye redio yako zinashushwa, na kelele za njiani zinashuka nazo. Kapsuli inapandisha, saketi inashusha, anayesikiliza anapata sauti iliyo sawa. U87 ya mwaka 1967, iliyokuja na transista badala ya valvu, ikaendeleza utaratibu huo.

K67 peke yake, basi, ni nusu ya sentensi.

Nusu iliyosafiri

Muundo wa K67 unaigwa sana leo, hasa na viwanda vya China, na ni jambo jema: bila hivyo wengi wetu tusingemiliki maiki ya kondensa kamwe. Lakini katika maiki nyingi za bei nafuu kapsuli ilisafiri peke yake. Imefungwa kwenye saketi rahisi isiyoshusha chochote, saketi ambayo asili yake ni ya kapsuli ndogo zilizo sawa tangu mwanzo. Sauti za juu zinapandishwa, hakuna wa kuzishusha. Ukiwa dukani inasikika "safi", inang'aa. Ukirekodi nayo wimbo mzima, masikio yanaomba poo.

Na nani anaumia zaidi? Nguvu ya "s" ipo juu, maelfu kadhaa ya hezi, na kwa kawaida "s" ya mwanamke ipo juu kuliko ya mwanaume, yaani karibu zaidi na pale kapsuli inapopandisha. Kisha tazama lugha yetu: sisi, siku, sasa, sote, asante, samahani. Mwanamke anayeimba Kiswahili mbele ya maiki ile anabebeshwa kosa la saketi. Kisha anaambiwa akafanye mazoezi.

Tulichofanya

Sikuwa na maiki ya Sinatra. Nilikuwa na maiki ya bei nafuu kama ile ya studio, na chumba chenye godoro ukutani. Rafiki yangu akakubali kwa shingo upande. Tukarekodi ubeti mmoja mara tatu.

Mara ya kwanza aliimba mbele ya maiki moja kwa moja. Miluzi ileile, akanitazama kama kusema "si nilikwambia".

Mara ya pili nikaigeuza maiki kidogo, isimwelekee mdomo bali ipite pembeni yake. Wimbi fupi likija kwa pembe, linaufikia upande mmoja wa kiwambo kabla ya mwingine, na nguvu yake inapungua. Sauti za chini hazijali. Miluzi ikashuka.

Mara ya tatu tukaiacha maiki vilevile, kisha kwenye kompyuta nikashusha sauti za juu kwa mteremko mpole kuanzia kama hezi 5,000, desibeli 4 hivi. Yaani tukaifanya, kienyeji, ile kazi ambayo saketi ya U67 ilipewa mwaka 1960.

Akasikiliza na hedifoni kimya. Mwisho akasema, "Huyu ni mimi." Kisha akaniomba nizime feni, turudie ubeti wa pili, maana hapo kweli alikuwa ametoka kwenye ufunguo.

Jaribu na wewe. Na siku utakapokaa kwenye kiti cha prodyuza, mtu akaimba ukasikia makali, igeuze maiki kwanza. Ya kumwambia, mwambie baadaye.