Jina la Bibi Ndilo Shamba

Ndugu msikilizaji, ukimwuliza mtu aliyesoma historia akueleze habari za kisiwa cha Mafia, atakutajia mambo matatu. Atakutajia magofu ya Kua na habari za Kisimani. Atakutajia Waarabu wa Chole, mashamba yao ya minazi, na watumwa waliowalimia. Mwisho atakutajia ndege za Waingereza zilizoruka kutoka Mafia mwaka 1915, kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji. Yote ni kweli. Lakini mwulize, je, wanawake walikuwa wapi? Hapo atakohoa.

Leo nataka tuwazungumze kina bibi wa Kanga, kijiji cha kaskazini ya kisiwa hicho. Hawakuwa watawala wala hawakumiliki majahazi. Hata hivyo, bila wao huwezi kueleza kijiji kile kilivyojengeka.

Mwaka 1965 mtaalamu mmoja wa Kiingereza, mama Pat Caplan, alikwenda kuishi Kanga ili ajifunze maisha ya watu wake, na baadaye akarudi mara nyingi. Alikuta kwamba pori la kulima mpunga si mali ya mtu mmoja, ni la ukoo. Tena mtu hakuwa wa ukoo mmoja tu. Alihesabiwa kwa baba na kwa mama, kwa babu na kwa bibi. Mwanamke alikuwa na haki ya kufyeka na kulima sawasawa na kaka yake, na haki hiyo akawarithisha wanawe.

Tazama maana yake. Mtu akiulizwa, "Wewe unalima hapa kwa nani?" hujibu kwa kutaja wazee wake, na huenda aliyemfungulia mlango ni bibi. Jina la bibi ndilo hati yake.

Minazi ina njia nyingine. Hiyo hurithiwa kwa sheria ya Kiislamu, na binti hupata nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume. Lakini fungu lake ni lake. Mume hana amri nalo. Talaka ikija, mwanamke hatoki mikono mitupu.

Mwaka 1997 mama Caplan alitoa kitabu chenye masimulizi ya familia moja ya kijiji hicho, na humo wanasema pia mke, Mwahadia, na binti yake, Subira. Majina hayo si yao halisi. Aliyabadili kwa kuwasitiri. Kitabuni ni sawa kabisa kuficha jina. Shambani, jina likifichika, haki nayo hufichika.

Na hapa ndipo penye hofu yangu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema wazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata na kutumia ardhi sawa na mwanamume, na mila inayomnyima haina nguvu. Sheria ni nzuri. Lakini karani akija na karatasi ya kuandika mwenye ardhi, ataandika jina analotajiwa. Wajomba wakikaa mkekani wakataja wanaume watupu, haki ya kina mama iliyodumu vizazi kwa vizazi itafutika kwa wino wa asubuhi moja.

Tusiwanyoshee kidole watu wa vijijini. Mimi mwenyewe, mkaa mjini, nawataja babu zangu mpaka wa nne bila kusita. Upande wa kina bibi nakwama kwa wa pili. Niliona haya siku nilipojigundua.

Basi, ndugu msikilizaji, ukienda nyumbani safari hii, kabla hujauliza habari za mipaka ya shamba, keti na mzee aliyebaki. Mwulize bibi yako aliitwa nani, mama yake aliitwa nani, na walilima wapi. Kisha andika.