Kimo, kutoka wapi?

Kimo cha mtu hupimwa kutoka unyayoni, nacho cha mnazi kutoka shinani, hakuna anayeuliza. Kwa rubani anayeshuka ndani ya ukungu akitegemea ala peke yake, swali hilo ni la uhai.

Katika utuaji wa kawaida unaoongozwa na mfumo wa redio wa ILS, kimo cha uamuzi hakipungui futi 200, yaani kama meta 60, juu ya njia ya kurukia. Rubani asipoiona njia hiyo au taa zake hapo, anapaa tena. Hapana mjadala.

Tarehe 10 Aprili 2010, ndege ya Rais Lech Kaczyński wa Poland ilikuwa ikishuka Smolensk, Urusi, ambako kimo cha chini cha kushuka bila kuiona njia kilikuwa meta 100 juu ya njia hiyo. Wachunguzi walieleza kwamba vimo vilivyosomwa kwa sauti vilitoka kwenye altimita ya redio, inayopima kutoka ardhi iliyo chini ya ndege wakati huohuo. Na chini kulikuwa na bonde! Kipimo kikaonyesha nafasi ambayo haikuwapo. Ndege ikaanguka, na watu wote 96 waliokuwamo walikufa.

Waandishi wa habari za ajali, msiishie kuandika "kimo cha meta 100". Semeni: juu ya usawa wa bahari, juu ya njia, au juu ya ardhi iliyo chini.