Wapi Tufanyie Harusi? Nyumbani, Ukumbini, Ufukweni au Shamba



Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na Maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Posa ikishajibiwa na mahari yakishakubaliwa, swali la mwanzo linaloingia majumbani mwetu siku hizi ni: wapi? Wazee wetu hawakuwa na swali hili. Akdi ilifungwa msikitini, wali ukapikwa uwani, na majirani wakaja na sinia zao. Leo kijana wa Ng'ambo anaambiwa harusi bila ya ukumbi si harusi, na familia ya Wete au Makunduchi inaambiwa shamba ni mbali, wageni wa mjini hawatofika. Wako vijana ambao ndoa zao zinasogezwa mbele mwaka baada ya mwaka, na kinachosubiriwa si walii wala mahari, bali ni pesa ya ukumbi.

Makala hii inawasaidia wazazi na wachumba kuchagua. Lililo muhimu ni hili: mahali mnapopachagua hupanga na mambo mengine. Hupanga nani ataweza kuja, Swala gani itachelewa, nani atamwona bibi harusi, na nani atabaki na deni. Basi yapimeni hayo kwanza, kisha ndiyo muangalie mapambo.

Akdi na walima ni mambo mawili

Kwa madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo wengi wetu visiwani tunayafuata, nguzo za nikaha ni tano: mume, mke, walii, mashahidi wawili, na tamko la kuozesha na kukubali. Mahali si nguzo. Nikaha iliyofungwa barazani kwa nguzo zake ni sahihi sawasawa na iliyofungwa katika msikiti mkubwa wa mjini.

Wanavyuoni wengi wamependekeza akdi ifungwe msikitini kwa kutafuta baraka na ili ndoa itangazike. Ama hadithi iliyomo katika Tirmidhi inayoamrisha jambo hilo hasa la msikiti, wanavyuoni wa hadithi wamesema isnadi yake ni dhaifu. Kwa hiyo anayefungia nyumbani kwa sababu baba wa bibi harusi ni mgonjwa hawezi kutoka, hana lawama yoyote.

Walima ni chakula cha kushukuru na kuitangaza ndoa. Hukumu yake kwa wanavyuoni walio wengi ni sunna iliyotiliwa mkazo. Tukizitenganisha hizi mbili, mzigo unapungua. Akdi inaweza kufungwa leo msikitini baada ya Alasiri bila ya gharama kubwa, na walima ukafuata kwa uwezo uliopo.

Mtume (S.A.W.) alifanyia wapi walima?

Alipomuoa Bibi Zaynab bint Jahsh (R.A.), Mtume (S.A.W.) alilisha watu mkate na nyama nyumbani kwake. Anas bin Malik (R.A.) amesimulia kwamba hakuona walima wa mke mwengine uliofikia huo, na alichinjwa kondoo mmoja tu. Siku hiyo wako wageni waliokaa wakizungumza hata baada ya kula, wakamtaabisha Mtume naye akaona haya kuwaambia watoke, na ikateremka Aya ya 53 ya Suratul-Ahzab. Ndani yake mna adabu za mgeni na amri ya hijabu. Zingatieni kwamba mafundisho ya sitara yaliteremka katika tukio la harusi.

Alipomuoa Bibi Swafiyyah (R.A.), mwaka wa 7 Hijria, walikuwa njiani wakirudi kutoka Khaybar. Hapakuwa na nyumba, mkate wala nyama. Vilitandikwa vitanga vya ngozi juu ya ardhi, kila mtu akaleta alichonacho, tende, samli na maziwa yaliyokaushwa, vikachanganywa vikaliwa. Huo ndio uliokuwa walima wa Mtume wa Allah. Hadithi hizi mbili zimo katika Bukhari na Muslim.

Tunajifunza kuwa nyumbani panafaa na uwanjani panafaa. Na Mtume (S.A.W.) alipomwambia ‘Abdurrahman bin ‘Awf (R.A.) afanye walima japo kwa kondoo mmoja, alimtajia chakula cha kulisha watu, wala hakumtajia pahala.

Mambo manne ya kupima

*La kwanza ni Swala.* Visiwani kwetu Maghribi huingia kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro robo jioni, takriban mwaka mzima, na wakati wake ni mfupi. Shughuli inayoanza saa 11 jioni na kuisha saa 2 usiku inaila Maghribi nzima. Mara nyingi anayeikosa ni bibi harusi mwenyewe, kwa kuwa ameshapambwa na anaogopa udhu utaharibu rangi. Mlango wa ndoa usifunguliwe kwa kuacha faridha. Chagueni pahala penye maji ya udhu na nafasi ya kuswali wanawake, au pangeni wakati usiogongana na Swala: baada ya Isha, au asubuhi mpaka Adhuhuri.

*La pili ni sitara.* Ulizeni: pana milango miwili? Vyoo vya wanawake viko upande wao? Nani atapakua na kupitisha chakula kwao? Nani atapiga picha, na zitakwenda wapi? Pazia zuri halina faida ikiwa mpiga picha mwanamme yuko upande wa ndani, au kama kila simu inarusha sura ya bibi harusi kabla hajafika kwa mumewe.

*La tatu ni wageni.* Abu Hurayrah (R.A.) amepokea kwamba chakula kiovu zaidi ni cha walima wanaoalikwa matajiri wakaachwa masikini. Imo katika Bukhari na Muslim. Sasa tazameni: ukumbi ukiwa na viti 150, mnakata majina. Nani hukatwa kwanza? Ni bibi wa jirani anayeuza mandazi, ni mwalimu wa madrasa aliyemsomesha bibi harusi Juzuu Amma. Na mkichagua hoteli ya mbali, asiye na gari amekatwa hata kama mmempelekea kadi.

*La nne ni deni.* Andikeni bei ya mahali kwenye karatasi, kisha muulize: fedha hizi zingelisha watu wangapi, au zingelipia kodi ya nyumba ya maharusi miezi mingapi? Allah ametukataza ubadhirifu katika Suratul-Israa, Aya ya 26 na 27. Na deni la harusi lina uchungu wake: mwezi wa kwanza wa ndoa, badala ya mume kumnunulia mkewe khanga, anajificha wenye kumdai.

Mahali kwa mahali

*Nyumbani na mtaani.* Ndipo penye baraka ya majirani na gharama ndogo. Turubali, majamvi, masufuria ya kuazima na kuni, kazi imekwisha. Wanawake wakae uwani na nyumba za jirani, wanaume barazani na nje. Mkifunga njia, mjulisheni sheha mapema na muache nafasi ya gari la mgonjwa. Muziki wa kutikisa mtaa hadi usiku wa manane ni maudhi kwa jirani, hata kama jirani mwenyewe amealikwa. Dufu la wanawake katika harusi limethibiti katika sunna, na halihitaji spika za kufika mtaa wa pili.

*Msikiti, madrasa na skuli.* Msikiti unatosha kabisa kwa akdi, na haluwa na kahawa nje baada yake. Heshima yake ilindwe: kusiwe na kelele wala taka, na wasioruhusika kukaa msikitini kwa sababu ya hedhi watafutiwe pahala pengine. Uwanja wa madrasa au skuli siku ya mapumziko ni mkubwa, una vyoo, na kinachotolewa kinarudi kwa watoto wetu.

*Ukumbi.* Kukodi ukumbi si haramu. Una faida nyumba ikiwa ndogo, mvua ikinyesha, au mkitaka wanawake wajitenge kikamilifu. Hatari yake ni kuiga: ukumbi huja na jukwaa, na jukwaa huvuta bwana harusi kuingia kati ya wanawake waliojipamba wasio maharimu zake. Lisemwe kabla, na lisimamiwe na mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote mbili.

*Hoteli ya ufukweni.* Pwani ya Nungwi, Kiwengwa au Paje inapendeza, lakini ufukwe ni njia ya watu. Wageni wa hoteli hupita na kamera zao, na upepo haumwachii mwanamke mtandio wake. Kisha kuna suala la pombe. Imepokewa katika Tirmidhi makatazo ya mwenye kumuamini Allah na Siku ya Mwisho kukaa kwenye meza inayopitishwa ulevi. Pombe ikiwa katika eneo la shughuli yenu, msikodi hapo. Ikiwa inauzwa upande mwengine wa hoteli, kuepuka ndiyo salama zaidi kwa dini yenu. Mkiwa hamna budi, muulizeni shekhe wenu kuhusu hali ya hapo hasa, na iandikwe katika mkataba kwamba haitoletwa, na kwamba nyama ni halali na vyombo vyake ni mbali.

*Shamba.* Chini ya miembe na minazi kuna kivuli na nafasi ambayo ukumbi hauna, na wazee wasioweza safari ya mjini wanakuwepo. Hesabuni maji ya kisima, vyoo vya kutosha, taa au jenereta, na njia ya gari. Pemba msimu wa karafuu viwanja huwa vimejaa majamvi ya kuanikia, na watu wako mikarafuuni, basi waulizeni wenyeji kabla ya kutaja tarehe. Jambo moja husahaulika: wanawake na watoto watarudi vipi usiku? Magari ya shamba yana mwisho wake. Ama mmalize mchana, au mkodi gari la kuwarudisha wote.

Tarehe, upepo na maji

Mvua za masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kati ya Oktoba na Disemba. Njia za shamba wakati huo huwa tope. Kuanzia Juni hadi Septemba kusi huvuma kwa nguvu, hasa pwani ya mashariki, na turubali lisilofungwa vizuri huondoka. Januari na Februari ni kaskazi, kukavu lakini joto kali, na wazee wanahitaji kivuli na maji.

Wenye kupenda mbalamwezi wajue na hili. Bamvua hufuata mwezi: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana, na kwetu hujaa mnamo Alasiri, saa 10 hadi 11. Tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Mchanga mpana mliouona asubuhi, jioni unaweza kuwa bahari. Anayepanga ufukweni mnamo tarehe 15 ya mwezi wa Kiislamu amuulize mvuvi wa hapo kwanza.

Na ikiwa familia moja iko Pemba na nyengine Unguja, msiwajaze watu katika chombo kimoja kwa kuharakia shughuli. Septemba 2011, Spice Islander ilizama ikielekea Pemba ikiwa imebeba watu kupita kiasi. Allah awarehemu waliofariki. Ni bora akdi ifanywe upande mmoja kwa watu wachache, na walima mdogo upande wa pili, kuliko kuhatarisha roho.

Wakikhitalifiana wazazi na watoto

Mara nyingi binti anataka ukumbi kwa sababu wenzake walifanyiwa, na baba anaona haya kusema hana. Baba, sema. Mkalishe mwanao, mfungulie hesabu, mwambie: mwanangu, hiki ndicho nilichonacho, tuchague pamoja. Wengi wa mabinti wetu wana busara kuliko tunavyowadhania. Na nyinyi vijana, msiwapime wazazi wenu kwa mapambo ya siku moja. Upande wa mume nao wasifanye ukumbi kuwa sharti la kuwabana wakwe.

Kabla ya kutoa pesa ya mwanzo, ulizeni:

1. Nani katika majirani na jamaa zetu masikini hatoweza kufika hapa?
2. Swala ipi itaingia tukiwa hapa, na tutaswali wapi?
3. Wanawake wataonekana na nani, kutoka mlango upi?
4. Pana pombe, au muziki tusioutaka?
5. Mvua ikinyesha au maji yakijaa, tutahamia wapi?
6. Tukilipa, tutabaki na deni la nani?
7. Shughuli ikiahirishwa kwa msiba, pesa zitarudi? Iandikwe.

Pahala patakapojibu vizuri maswali haya ndipo penu, pakiwa ni uwa wa bibi yenu au ukumbi wa mjini. Na anayealikwa kwenye walima usio na maasi aitikie, maana kuitikia ni haki ya Muislamu kwa nduguye, hata kama pilau imepakuliwa juu ya jamvi.

Tunamuomba Allah awabariki maharusi wote, awaunganishe katika kheri, na awape wazazi wepesi. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.